Siku Polycarp Alipokufa Mbele ya Mhehe

Polycarp alifungwa kwa kosa la kumbeba askari mgambo.

Ndivyo inavyosimuliwa Kariakoo, na waliokuwepo hawakatai, ila wapo wanaoongeza kwamba mgambo alipanda mwenyewe. Polycarp alikuwa mvuta mkokoteni. Siku hiyo alikuwa ametoka dukani kwa baba yangu, Mzee Hamud, mtaa wa Aggrey, amepakia magodoro mpaka huoni aliye upande wa pili. Akapita njia ambayo mikokoteni imekatazwa kupita mchana. Mgambo akamsimamisha, akamweleza, akaona maelezo hayaingii, basi akapanda juu ya magodoro, akakaa, akasema, "Haya, nenda sasa tuone."

Mtu mwingine angeelewa kwamba hiyo ilikuwa namna ya kumwambia asiende. Polycarp alikwenda.

Alikwenda mtaa wa Msimbazi wote, mgambo juu amekumbatia kamba, yeye chini akipiga kelele: "Pisha! Pisha bwana harusi!" Wanawake wakapiga vigelegele. Muuza maua ya plastiki akamtupia mgambo ua, naye kwa mshangao akalidaka. Hakimu aliposimuliwa hayo hakucheka hata kidogo. Alimpa Polycarp miezi tisa.

Aliyemfahamu hakushangaa. Polycarp alikuwa mtu wa kuchekesha kama wengine walivyo watu wa kukohoa: hawezi kujizuia, na ukimya ukizidi ndivyo inavyozidi kumpanda. Ukimsalimu "Mambo?" atakujibu kwa hadithi. Ukimwambia umefiwa atakupa pole ya kweli kabisa, kisha ataongeza neno, na utajikuta unacheka umeshika kitambaa cha machozi. Watu walimpenda sana. Hawakuwa wanaishi naye.

Aliyekuwa anaishi naye ni Candida, mkewe, anayeuza wali kwenye uchochoro ulio ubavuni mwa duka letu. Wote wawili ni Wangoni, wametoka vijiji vya Peramiho, wakafika mjini wakiwa vijana. Nimekula maharage ya Candida tangu nilipokuwa navaa sare ya shule, na kwa muda wote huo nilidhani ni mwanamke asiyependa kuongea. Polycarp alipofungwa ndipo nikagundua kwamba anapenda, ila hajawahi kupata nafasi. Sasa alianza kuongea na wateja, na mimi, na sufuria. Lakini gerezani hakwenda hata mara moja.

"Nikienda atanichekesha," aliniambia. "Nitarudi nimecheka, na sijasema nililoendea."

Mwaka huo kikundi chetu cha maigizo, vijana tuliomaliza chuo pamoja, kilikubaliwa kuandaa mchezo na wafungwa katika gereza hilohilo. Mchezo wenyewe ni wa kale, wazazi wetu waliusoma sekondari: sultani anapiga marufuku kilio katika nchi yake, kwa sababu machozi ya watu yanamtia woga. Hakuna kulia, hata msibani. Miaka inapita, watu wanasahau namna ya kulia. Halafu sultani anakufa, na hakuna anayeweza kumlilia. Onyesho la mwisho ni mazishi yake, na kwenye kitabu mwandishi ameandika maneno machache tu: *Wanasimama. Hakuna anayelia. Kimya kirefu.*

Mimi nilipewa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na kumnong'oneza anayesahau maneno yake. Iliniafiki. Msimamizi kwa upande wa gereza alikuwa Afande Ummy, ambaye aliuona mchezo huo akiwa kidato cha pili na hakupona. Kila alipofikia yale maneno, "kimya kirefu", alifumba macho.

Siku ya kwanza tulipoingia, sauti ikatoka mstari wa nyuma wa wafungwa.

"Wafa! Binti Hamud! Magodoro yalifika?"

Wafungwa wote waligeuka kunitazama. Nilijibu, kwa sauti ambayo nadhani niliisikia mimi tu, kwamba yalifika.

"Na mgambo?"

Afande Ummy hakuuliza nani atakuwa sultani. Alisema, "Wewe mwenye sauti. Njoo mbele."

Nilipomweleza Candida kwamba familia zitaalikwa, aliendelea kuchambua mchele.

"Yeye anacheza nani?"

"Sultani."

"Sultani huyo anachekesha?"

"Hapana, dada Candida. Anakufa."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitazama, akalitupa. "Mwambie nitakuja. Nikimkuta ni yuleyule, Jumatatu napanda basi la Songea na masufuria yangu. Dada yangu ana mgahawa pale stendi, amechoka kuniita. Nikimkuta mwingine, nitaona."

Niliufikisha ujumbe kama ulivyo. Polycarp alinisogelea karibu.

"Masufuria yote?"

"Alisema masufuria yake."

"Hata lile kubwa la pilau?"

"Sijui, kaka Polycarp. Nadhani."

Akakaa chini palepale uwanjani. "Akichukua lile kubwa, basi hatanii," alisema.

Tangu siku hiyo alifanya mazoezi kama mtu anayetafuta pasi ya kutokea. Maneno aliyashika upesi. Taabu ilikuwa miguu. Kila alipoingia kama sultani, miguu ilikumbuka Kariakoo, na kabla hajafika kwenye kiti akawa ameshapiga kelele: "Pisha! Mzigo huo, mzigo!"

"Polycarp," alisema Afande Ummy, "sultani habebi mzigo."

"Afande, kama ana nchi nzima, huo si mzigo?"

Taabu ya pili ilikuwa kufa. Hakukubali kufa mara moja. Alianguka, akaguna, akatulia, halafu akainua kichwa.

"Umeshakufa," Afande alimkumbusha.

"Ndiyo afande. Ila kuna neno sultani amelisahau."

"Hakusahau kitu."

"Afande, mtu wa kwetu hafi hivihivi bila kuaga. Niage kidogo tu. Niwasalimie wa Kigamboni."

Malkia alikuwa Mrisho, mnadi wa samaki kutoka Feri, mwenye ndevu ambazo alikataa kuzinyoa kwa sababu, alisema, hata malkia ana haki zake. Mrisho hakuwa na sauti ya chini. Alipotakiwa kumnong'oneza sultani kitandani, "Bwana wangu, nchi inakusubiri," ungedhani nchi hiyo inauzwa pamoja na barafu yake.

Aliyemsaidia Polycarp kweli alikuwa Eliakimu, Mhehe wa Iringa, mtu mrefu aliyepewa kazi ya kubeba ubao wa maiti na ambaye hakuwa na neno hata moja la kusema. Alikuwa mtani wake. Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani, kwa hiyo hawa wawili walianza kutukanana tangu uji wa asubuhi, na hawakutengana.

"Mtani, kufa si kazi," Eliakimu alimwambia. "Hata kuku anakufa. Kwako kazi ni kunyamaza baada ya hapo."

Wakaanza zoezi lao wenyewe. Kila mchana Polycarp alilala uwanjani kama maiti, na wafungwa wakamzunguka kumjaribu. Walimwambia timu yake imefungwa. Walimwambia mgambo amepandishwa cheo. Mmoja alimwambia kwamba Wangoni hawakuwahi kushinda vita, wao walikuwa wanapotea njia tu na kujikuta wamefika kwa watu. Hapo maiti iliketi wima na kujibu kwa muda mrefu, ikitaja na majina ya machifu. Lakini siku zilivyokwenda alijifunza. Ilipofika wiki ya maonyesho, alikuwa anaweza kulala kimya hata nzi akimtembelea puani, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyokuwa vikikunjika.

Siku yenyewe bwalo lilijaa. Wafungwa nyuma, wageni mbele kwenye mabenchi, maafisa pembeni. Candida aliketi benchi la pili, amevaa gauni lake la kanisani, mapajani ana mfuko wenye mche wa sabuni aliomletea mumewe. Hakumpungia mkono. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kukagua nyumba kabla ya kuihama.

Na Polycarp alikuwa sultani. Sijui niseme vipi. Aliingia bila kupiga kelele, akatembea polepole, akakaa. Alipotangaza, "Tangu leo, atakayelia katika nchi yangu atakatwa ulimi," mtoto mmoja benchi la mbele aliyekuwa akilialia alinyamaza kabisa. Mrisho alinadi maneno yake vizuri, khanga ikamfunguka mara moja tu. Halafu sultani akafa. Alianguka, akaguna, akatulia, na hakuinua kichwa. Nyuma ya pazia nilimwona Afande Ummy akikunja ngumi kwa furaha.

Wabebaji wanne wakaingia na ubao. Wakamlaza, wakamfunika shuka mpaka kifuani, wakamwinua, wakamleta mbele ambapo kaburi lilikuwa limechorwa kwa chaki sakafuni. Watu wa nchi wakasimama. Hakuna aliyelia. Niliweka kidole juu ya maneno kitabuni: *Kimya kirefu.* Hakukuwa na cha kumnong'oneza mtu yeyote.

Eliakimu akatua pembe yake ya ubao chini.

"Ngojeni kwanza," alisema.

Afande Ummy alifumbua macho. "Eliakimu!" aliita kwa sauti ya kubanwa. "Wewe huna maneno!"

"Najua afande, sina. Lakini huyu ni Mngoni."

"Huyu ni sultani!"

"Sultani wa wapi, afande? Huyu ni Mngoni wa Peramiho, namjua mpaka kidole chake kilichopinda. Mngoni afe mbele yangu, na mimi nimzike kimyakimya hivi kama paka? Wazee kwetu watanitema. Haiwezekani. Samahani sana. Hazikwi."

"Hazikwi!" zikaitika sauti mbili kutoka nyuma, Wahehe wengine, nao wakaanza kusogea mbele wakipita juu ya miguu ya watu.

Hakuwa anafanya fujo. Hilo Afande Ummy alilielewa baadaye, ingawa hakulisamehe. Kwa Eliakimu, mtani akifa una wajibu: uuvuruge msiba wake, umwige, umzuie asizikwe mpaka wafiwa watoe chochote. Usipofanya hivyo umemwambia marehemu kwamba hakuwa kitu. Na siku ile alikuwa amemwona rafiki yake akifa vizuri mno.

Eliakimu akalala ndani ya kaburi la chaki. "Limejaa," alitangaza. "Mtafuteni lingine, hili la Mhehe." Mhehe wa pili akamvua sultani taji, akalivaa, akazunguka bwalo akichechemea kama mtu anayevuta mkokoteni: "Pisha! Pisha bwana harusi!" Wafungwa walipiga mabenchi. Wa tatu akainama juu ya maiti, akamchunguza mdomo.

"Angalieni! Hata kufa amekufa anatafuta la kujibu!"

Kutoka nyuma ya pazia nilimwona Polycarp ubavuni. Vidole vya miguu vilikuwa vimekunjika vyote. Hakuwahi katika maisha yake kumwacha Mhehe aseme na asijibiwe, na hapa walikuwa watatu, mbele ya watu wote, na jibu la kila moja naamini alikuwa nalo tayari mdomoni. Lakini benchi la pili alikuwapo Candida. Akanyamaza.

"Mjane yuko wapi?" Eliakimu aliinuka kutoka kaburini. "Hatuziki mpaka mjane atoe."

"Nipo hapa!" alinguruma Mrisho, akijifunga khanga.

"Wewe mwenye ndevu tulia. Mjane wa kweli."

Bwalo zima likageuka. Candida alikaa kidogo, kisha akasimama, akaupitisha mfuko begani, akaja mbele. Afande Ummy alipiga hatua moja kumzuia, halafu akaacha. Nadhani aliona ule uso.

"Mhehe," alisema Candida. "Wewe ni wa kusimama mbele ya maiti? Tangu ufungwe, mbwa wa Iringa wanalala mlango wazi, hawaogopi tena sufuria."

Watu walipiga kelele mpaka mabati yakatetemeka. Eliakimu akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepokewa vizuri ugenini.

"Unataka nitoe? Nitatoa. Ila kwanza niseme na maiti yangu."

"Sema, mama. Ni haki yako."

Akageukia ubao. Mwanzoni alisema kwa sauti ya chini, tukalazimika kunyamaza ili tusikie.

"Poli. Siku ile nilikuita. Pale kona ya Msimbazi nilisimama na sinia kichwani, nikakuita, Poli, simama. Uliniona. Usiseme hukuniona. Ukanipungia mkono kama rais."

Maiti haikusema kitu.

"Nilikwambia nataka kibanda chenye paa, mvua isiingie kwenye wali. Ukasema wali wenye mchuzi wa mbingu. Wateja wakacheka. Nami nikacheka. Kibanda kiko wapi?"

Candida aliuweka mfuko sawa begani.

"Na mama alipofariki." Hapo alisogea karibu na ubao. "Mama yangu alipofariki tulipanda basi kwenda kuzika. Ukachekesha basi zima, Poli. Kuanzia Mbagala mpaka Songea. Kondakta alikaa chini kwa kicheko. Watu walishuka wakakushukuru. Mimi ndiye niliyefiwa, nikafika nyumbani sina hata chozi la kumpa mama, mbavu zinaniuma. Kuchekesha msibani ni kazi ya mtani." Alimwonyesha Eliakimu bila kumtazama. "Huyu, ujinga huu ni kazi yake, wala simlaumu. Wewe ulikuwa mume. Nani alikuajiri?"

Chini ya kope ya Polycarp iliyofumba kulitoka chozi, likateremka pembeni, likaingia sikioni. Maiti haijifuti. Likakaa humo.

Candida alisimama akingoja. Nilijua anachongoja, kwa sababu nami nilikuwa nakingoja: lile neno lake, lile la kuongeza. Alingoja muda mrefu. Halikuja.

"Tangu nimeolewa," alisema mwishowe, kwa mshangao zaidi kuliko huzuni, "leo ndiyo mara ya kwanza nimefika mwisho."

Akaingiza mkono kwenye mfuko, akautoa mche wa sabuni, akamkabidhi Eliakimu. "Shika. Mkaoge wote, mnanuka. Mzikeni. Lakini mkimaliza mnirudishie, bado nina haja naye."

Akarudi kwenye benchi lake, akakaa. Watani wakaweka taji mahali pake. Eliakimu akashika pembe yake ya ubao. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyekohoa, na nilipomtazama Afande Ummy alikuwa amefumba macho tena, kwa sababu hatimaye kimya kilikuwapo, na kilikuwa kirefu.

"Afande," ikauliza sauti ya Feri, kwa kile ambacho Mrisho aliamini ni mnong'ono, "mimi nasema lini?"

Jumatatu nilishuka dukani mapema kuliko kawaida. Candida alikuwa uchochoroni, lile sufuria kubwa liko jikoni, anakoroga kwa mikono miwili.

"Unaangalia nini?" aliniuliza. "Leo pilau."

Polycarp alitoka gerezani kabla ya mvua za masika. Bado anavuta mkokoteni, ila kwa njia inayoruhusiwa, na bado anachekesha. Watu wa Aggrey wasingemsamehe angeacha. Mtaani wanamwita Marehemu. Uchochoroni pana kibanda chenye paa la bati, alilipigilia mwenyewe, limepinda upande mmoja na Candida ameshamwambia.

Kwa sababu sasa anamwambia. Wiki iliyopita nilikuwa mlangoni dukani niliposikia Candida akimwita kutoka ng'ambo ya mtaa, "Poli! Simama, nina neno!" Polycarp alisimama. Akashusha mishikio ya mkokoteni, akapanda juu ya magunia ya vitunguu, akalala chali, akafumba macho, akakunja mikono kifuani. Candida akaja akasimama pembeni yake, akashika kiuno, akaanza kumhesabia makosa yake, kuanzia Januari.

Nyuma mikokoteni ilisimama mmoja baada ya mwingine. Guta la machungwa, baiskeli ya magurudumu matatu, likapiga kengele. "Oya, vipi huko mbele? Kuna nini?"

"Kuna msiba," mtu akamjibu.

Kijana wa guta akaja mbele, akamwona mwanamume amelala juu ya vitunguu na mwanamke anamsomea. Akavua kofia.

"Pole, mama. Anazikwa saa ngapi?"

"Subiri, mwanangu," alisema Candida bila kugeuka. "Bado nipo mwezi wa tatu."